Someni Pamoja, Mlee Pamoja



Mtoto wa miaka minne hawezi kusoma Injili, lakini anaweza kuitazama. Mwekee mbele yake picha ya mchungaji aliyembeba kondoo mabegani, naye atauliza: "Baba, huyu kondoo alikuwa amepotelea wapi?" Hapo katekesi imeanza. Aliyeianzisha si padri wala katekista. Ni mtoto mwenyewe, na anangoja jibu kutoka kwako.

Je, atakupata? Katika nyumba zetu nyingi mama ndiye anayefundisha ishara ya msalaba, na mama ndiye anayewaosha watoto na kuwapeleka Misa. Sauti ya baba inasikika anapouliza matokeo ya mtihani au anapokemea. Mambo ya vitabu na sala amemwachia mkewe. Sasa mtoto huyo akifundishwa kumwita Mungu kwa jina la Baba, atamfikiria Mungu wa namna gani?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, uliiita familia kanisa la nyumbani. Ulisema kwamba wazazi ndio wahubiri wa kwanza wa imani kwa watoto wao, kwa maneno na kwa mfano. Haukusema mama peke yake. Ulisema wazazi, nao ni wawili.

Picha si mchezo

Wako waume wanaosema: "Kitabu cha picha ni cha kuchezea. Nitanunua kitabu mtoto atakapoanza shule." Ndugu yangu, Kanisa halikufikiri hivyo. Yapata mwaka 600 Papa Gregori Mkuu alimwandikia Askofu Serenus wa Marseille, aliyekuwa amevunja picha takatifu kwa kuogopa watu wasije wakaziabudu. Papa alimsifu kwa kukataza ziabudiwe, lakini alimkanya kwa kuzivunja. Alimweleza kwamba asiyejua kusoma hupata katika picha kile ambacho msomaji hukipata katika maandishi. Mtoto wako ni mmoja wa hao wasiojua kusoma bado.

Mnapochagua kitabu, angalieni mambo manne.

Kwanza, picha ieleze habari yenyewe. Funika maandishi kwa kiganja, umwulize mtoto nini kinatokea. Akiweza kusimulia kidogo, kitabu hicho kinafaa.

Pili, maneno yawe machache, ya lugha ambayo mtoto anaielewa nyumbani.

Tatu, Mungu asionyeshwe kama askari mwenye rungu. Habari za gharika na za sadaka ya Isaka ni za kweli na zina mahali pake, lakini mtoto mdogo aanze na Yesu anayewabariki watoto, anayemponya kipofu, anayewalisha wenye njaa.

Nne, kiwe ni kitabu ambacho Kanisa linakikubali. Tazameni kurasa za mwanzo kama kina idhini ya askofu, au mwulizeni paroko wenu.

Kitabu kimoja kinachojulikana sana ni Biblia ndogo ya watoto iliyotolewa na shirika la Kikatoliki la Aid to the Church in Need, lililoanzishwa na Padri Werenfried van Straaten. Ilitoka mwaka 1979, uliokuwa Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto, na jina lake maana yake ni kwamba Mungu anazungumza na watoto wake. Imetafsiriwa katika lugha zaidi ya 170. Ni ndogo, inashikika kwa mikono ya mtoto, na picha zake zina rangi.

Anayesoma vizuri asimcheke mwenzake

Liko jambo gumu ambalo wanandoa hawapendi kulitaja. Mara nyingi mmoja amesoma kuliko mwenzake. Mume amemaliza sekondari, mke aliishia darasa la tano. Au mke ni mwalimu, na mume alilazimika kuacha shule mapema. Siku moja yule wa pili anajaribu kusoma kwa sauti, anakwama kwenye neno, na mwenzake anacheka mbele ya watoto. Mtu aliyechekwa hivyo hufunga kitabu, na akifunga kitabu hufunga na mdomo. Baadaye mwenzake anashangaa kwa nini hazungumzi naye tena.

Kitabu cha picha kinaweza kuponya kidonda hicho. Mmoja asome maandishi, mwingine asimulie picha. Kesho mbadilishane. Mama aliyekwama kwenye maandishi anaweza kuisimulia habari ya Mwana Mpotevu hadi watoto wakalia, kwa sababu anayajua maisha. Watoto wakiona baba anamsikiliza mama kwa heshima, wamejifunza Sakramenti ya Ndoa bila kuhubiriwa.

Na ninyi wawili mle nini?

Hamwezi kuwalisha watoto huku ninyi mnashinda njaa. Watoto wakishalala, someni ukurasa mmoja wenu wenyewe. Anzeni na Kitabu cha Tobiti, kwa maana ni habari ya ndoa, ya hofu, ya mkwe, na ya mume na mke waliosali pamoja usiku wa arusi. Kina sura 14. Sura moja kila usiku, na kwa wiki mbili mmekimaliza. Kisha someni Ruthu, sura nne tu.

Baadaye mtafuteni Mtakatifu Fransisko wa Sales. Kitabu chake juu ya maisha ya ibada, cha mwaka 1609, kilitokana na mashauri aliyomwandikia mwanamke mwenye mume. Anafundisha kwamba utakatifu si wa watawa tu. Askari, fundi na watu wa ndoa wameitiwa, kila mmoja kwa jinsi ya hali yake.

Tuna mfano pia wa Louis Martin, fundi wa saa, na mkewe Zélie, aliyekuwa na kazi ya lesi, wa mji wa Alençon huko Ufaransa. Zélie alifariki mwaka 1877, na binti yao mdogo Teresa alikuwa na miaka minne tu. Teresa alipokuja kuandika habari za maisha yake, alikumbuka jioni za baridi, hasa za Jumapili: dada zake wakisoma kwa sauti kitabu cha mwaka wa liturujia na kurasa chache za kitabu kingine kizuri, naye amepakatwa na baba yake. Ndiye Mtakatifu Teresa wa Lisieux, Mwalimu wa Kanisa tangu mwaka 1997. Wazazi wake nao walitangazwa watakatifu pamoja tarehe 18 Oktoba 2015. Yule baba mjane hakusema, "Mambo ya vitabu yalikuwa ya mama yenu."

Najua mtasema: karo haijalipwa, unga umepanda bei. Ni kweli. Basi familia tatu za Jumuiya Ndogo Ndogo zinunue kila moja kitabu kimoja, zibadilishane kila mwezi. Simu iwekwe chumba kingine kwa dakika kumi na tano. Nafasi hiyo haigharimu kitu, na kila nyumba inayo.

Zoezi la mwezi huu

Kaeni wawili, mjibu kwa ukweli, bila kulaumiana:

1. Mtoto wetu alimsikia baba akisoma Neno la Mungu lini mara ya mwisho?
2. Je, nimewahi kukuaibisha kwa sababu ya masomo? Kama ndiyo, naomba msamaha sasa.
3. Ni saa ngapi ya jioni inayofaa kuwa saa yetu ya kitabu?

Mkishakubaliana saa, ianzeni usiku wa leo, hata kama ni picha moja tu. Na Familia Takatifu ya Nazareti iwaombee.