Usifukue Maharagwe

Mwezi wa tatu mvua ilipoanza, tulipanda maharagwe nyuma ya nyumba hapa Ruiru. Siku ya nne nikampata kitinda mimba wetu akifukua mbegu aone kama zimeota. Zile alizofukua zilikauka. Nilimkemea, kisha Roho akanigusa: hivyo ndivyo nilivyomfanyia kaka yake aliye Thika. Kila Jumapili nilimpigia, “Ulienda kanisani?” mpaka akaacha kushika simu. Yule mkulima wa Marko 4 alipanda, akaenda kulala. Basi nikaacha kumhoji, nikabaki na maombi tu (sitaficha, ilikuwa ngumu). Mwezi wa sita, baridi imeingia, alikuja mwenyewe, tukachuma maharagwe pamoja. Kanisani bado hajafika. Sijamuuliza.