Heshima ya Maiti na Deni la Haki



Hebu tujiulize: Muislamu akifa, na watu wakakusanyika kanisani kumsomea sifa zake, je, tuone haya au tushukuru? Na je, sifa hizo zamtosha?

Suala hili si la kubuni. Tarehe 21 Februari 1965 aliuawa kwa risasi mjini New York Al-Hajj Malik El-Shabazz, ambaye wengi wamjua kwa jina la Malcolm X, mtetezi wa haki za watu weusi wa Marekani. Wala hakuwa mgeni kwetu. Mwaka 1964, mwaka ule ule aliohiji Makka, alizuru Dar es Salaam na Nairobi, akaonana na Mwalimu Nyerere.

Alipouawa, makanisa kadhaa ya Harlem yalikataa kumpokea kwa kuchelea fujo. Likakubali moja, Faith Temple la Askofu Alvin Childs, ijapokuwa lilitishiwa kupigwa mabomu. Maiti alikuwa amekwisha kuvishwa sanda kwa taratibu za Kiislamu na Sheikh Ahmed Hassoun, Msudani. Tarehe 27 Februari, mbele ya umati, mwigizaji Ossie Davis alisoma wasifu wa marehemu, na yeye na mkewe Ruby Dee wakasoma salamu za rambirambi. Kisha makaburini marafiki zake walitwaa makoleo kwa wachimba kaburi, wakamfukia kwa mikono yao.

Yuko atakayesema: kanisa si mahali petu. Ni kweli, ibada yetu ni yetu, na siku ile sanda haikuachwa kwa ajili ya wasifu. Lakini tukumbuke Mas-haba waliokimbilia Uhabeshi. Ja'far bin Abi Talib alisimama mbele ya Najashi na makasisi wake, akawasomea aya za Suratu Maryam. Mfalme yule alilia, akakataa kuwatoa wageni wake kwa Makureshi. Na siku alipofariki, Mtume (S.A.W.) alimsalia kwa mbali. Mlango uliofunguliwa siku ya hatari hausahauliwi.

Sisi watu wa pwani nasi tunalo deni la namna hiyo. Katika karne ya 19 wazee wetu wafanya biashara walifika bara hata Karagwe, wakaweka kituo Kafuro, na Mukama Rumanyika, asiyekuwa wa dini yao, akawapokea. Leo Muislamu wa Ndama, katika Karagwe hiyo hiyo, aishi ubavuni mwa majirani Wakristo. Jirani akifiwa, atakaa nyumbani kwake na mlango kaufunga? Hasha! Atakwenda kuwapa pole na kuwasaidia, na dini yake haitapungua kitu. Kwa hivyo jibu la suala la kwanza ni shukrani.

Ama la pili, jibu lake ni chungu. Watu watatu walitiwa hatiani kwa mauaji yale. Wawili kati yao, Muhammad Aziz na Khalil Islam, walikaa gerezani kiasi cha miaka 20, nao wakisema hawakuua. Mwaka 2021 mahakama ya New York iliwafutia hatia, baada ya kubainika kuwa polisi na wapelelezi wa serikali walificha ushahidi. Khalil Islam alikuwa amekwisha kufa tangu 2009. Basi tazama: mtetezi wa haki alisomewa sifa njema, na huku kwa jina la damu yake wengine wakadhulumiwa.

Usicheke, ndugu msomaji, ukadhani hayo ni ya Marekani tu. Mangapi twayaona majumbani mwetu! Twasoma khitma ya marehemu, twapika pilau, twamsifu kwa ukarimu wake, na huku mirathi ya mayatima wake imo mikononi mwa ami yao, na mjane haulizwi. Madeni ya maiti hayajalipwa, na msahafu umekwisha kufungwa.

Kusoma ni kwema. Lakini anayetaka kumheshimu maiti, na aanze na haki aliyoiacha. Atazame leo, kabla ya khitma ijayo, nani anadai.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kufungua milango na kurudisha amana. Amin.