Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini Nani Alicheza?

Wiki tatu zilizopita nilipata barua pepe kutoka chuo nilichosoma Marekani. Wanatuomba wahitimu tuchangie mfuko wa kuwasomesha wanafunzi wanamichezo "wanaoonyesha uongozi". Unatoa chochote, hata dola 25. Chini kabisa wameorodhesha waliowahi kufaidika na mfuko huo, na jina langu limo. Nimeifungua barua hiyo kama mara kumi na bado sijaijibu. Hela hiyo si kwamba sina. Kinachonizuia ni insha.

Ili kupata ufadhili ule, miaka hiyo, niliandika insha ya maneno 500. Swali lilikuwa moja tu: eleza tukio ambalo ulionyesha uongozi katika timu yako. Nikaandika kuhusu mdogo wetu wa mwaka wa kwanza, Mmarekani, ambaye usiku mmoja wa Oktoba alifunga mizigo yake akitaka kuacha chuo. Nikaeleza jinsi nilivyokaa naye bwenini hadi alfajiri, nikimsikiliza, mpaka akafungua begi na kurudisha nguo kabatini.

Usiku huo ulikuwepo kweli, na yule kijana alibaki. Ila aliyekaa naye hadi alfajiri hakuwa mimi. Alikuwa mwenzangu wa chumba, kijana kutoka Kenya. Mimi nilileta chai, nikasema maneno mawili matatu, na saa sita usiku nikaenda kulala.

Ukiangalia kwa lugha yetu, sikubadilisha mengi. Palipotakiwa kuandikwa "alikaa naye" niliandika "nilikaa naye". Niliweka silabi moja mbele ya kitenzi, basi. Nikapata dola 2,000 kwa mwaka, miaka miwili mfululizo.

Mwenzangu hakuomba. Alipoiona ile fomu alicheka, akasema, "Bwana wewe, mimi kujisifu mwenyewe siwezi." Akaendelea kuosha vyombo kwenye mkahawa wa chuo saa 20 kwa wiki, ambazo ndizo mwisho wa kazi kwa mwanafunzi wa kigeni wakati wa masomo. Mimi nilipopata ufadhili nikaacha kuosha vyombo. Nilipata muda wa kulala, nikaanza kukimbia vizuri zaidi, na kila mtu akasema jamaa ana nidhamu.

Sasa swali langu ni hili: je, uongozi ni kitu kinachoweza kulipiwa bila kuharibika?

Kwanza tuelewe hela zenyewe. Mifuko ya aina hii huko Marekani kwa kawaida ni kile ambacho sisi tungeita wakfu. Wahitimu wanatoa mtaji, mtaji unawekezwa na hauguswi, na kila mwaka hutumika sehemu ndogo tu, mara nyingi asilimia 4 hadi 5. Kwa hiyo ili kumpa mtu mmoja dola 2,000 kila mwaka unahitaji mtaji wa dola 40,000 au 50,000. Wazee wetu wa pwani wanaujua mpango huu: mtu anaweka nyumba au minazi wakfu, shina linabaki, linaliwa tunda. Na kama ilivyo kwenye wakfu, mtoaji ana haki ya kuweka sharti. Hapo sina ugomvi.

Pia hela hizo zinahitajika kweli. Timu yetu ilikuwa Daraja la Pili la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Enzi hizo timu ya riadha ya wanaume katika daraja hilo iliruhusiwa ufadhili kamili 12.6 tu, ugawanywe kwa wakimbiaji, warukaji na warushaji wote. Kocha anagawa vipandevipande kama mama anayegawa nyama siku ya wageni wengi. Anayekimbia kasi anapata pande, na anayeishika timu isivunjike anapata mchuzi. Nadhani ndiyo maana wahitimu wetu waliweka sharti la uongozi. Walitaka kumfikia mtu ambaye saa ya kocha haimwoni.

Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini kuna jambo moja linanifikirisha. Katika Daraja la Tatu la NCAA vyuo vinakatazwa kumpa mwanafunzi ufadhili kwa sababu ya michezo, na kanuni haikuishia kwenye kipaji na ushindi. Inautaja na uongozi katika michezo. Zamani niliona ni ukali usio na maana. Siku hizi naona ilikuwa lazima, kwani bila neno hilo "uongozi" ungekuwa mlango wa uani wa kumpitishia yeyote ambaye kocha anamtaka.

John Rawls, katika kitabu chake cha 1971 kuhusu haki, anasema hakuna anayestahili kipaji alichozaliwa nacho, na kwamba hata juhudi ya mtu inatokana kwa sehemu kubwa na malezi na bahati. Tukimfuata, kumlipa kiongozi hakuna tofauti sana na kumlipa mrefu. Mimi siendi naye hadi mwisho. Aliyekaa macho usiku ule angeweza kwenda kulala. Mimi nililala, na hakuna malezi yaliyonilazimisha. Kwa hiyo nakubali kwamba yule alistahili kitu. Ila nashuku macho yanayotafuta nani kastahili.

Tuna methali: mcheza kwao hutunzwa. Fikiria ngoma yenyewe. Mchezaji yuko uwanjani, watu wamezunguka, mtu anainuka na noti anamtunza mbele ya wote. Anayetunza ameiona ngoma. Waliosimama pembeni nao wameiona, na akitunzwa asiyejua kucheza watacheka. Sasa chukua kamati inayosoma insha. Haikuwepo ngomani. Inasoma maelezo ya ngoma yaliyoandikwa na mchezaji mwenyewe, kisha inatunza maelezo.

Sisi wapenda fasihi tunapaswa kulitambua tatizo hili haraka, kwa kuwa ni tatizo la utanzu. Insha ya kuomba ufadhili inadai msimulizi wa nafsi ya kwanza ambaye ndiye shujaa, na kisa kiishe kwa ushindi wake. Mtu anayeongoza kwa kweli mara nyingi hana kisa cha namna hiyo. Akisimulia usiku ule, angesema kijana alikuwa na huzuni, baadaye akapata nafuu. Yeye mwenyewe hayumo. Insha kama hiyo isingepata hata dola moja.

Mbio zetu za nyika zinalijua jambo hili kuliko kamati. Timu inakimbiza watu saba, na nafasi za watano wa kwanza zinajumlishwa. Timu yenye jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Wa sita na wa saba hawaongezi kitu kwenye hesabu ya timu yao. Lakini wakimpita mtu wa tano wa timu pinzani, wanamsukuma nafasi mbili nyuma, na mashindano yanaweza kuamuliwa hapo hapo. Mwenzangu alikuwa wa saba wetu. Kwenye karatasi ya matokeo alama zake ziliwekwa kwenye mabano.

Kuna siku nilijiuliza John Stephen Akhwari angeandika nini kwenye fomu ile. Mwaka 1968 kule Mexico alianguka katikati ya marathoni, akaumia goti, akafika uwanjani na bandeji mguuni zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Alikuwa wa mwisho kati ya waliomaliza. Watanzania hatukuhitaji insha yake, kwa sababu dunia ilimwona akiingia uwanjani.

Je, basi tufute sharti la uongozi? Nilitaka kusema hivyo, nikajikwaa kwenye historia. Cecil Rhodes, aliyetajirika kwa almasi na kuchukua ardhi za watu, alifariki mwaka 1902 akaacha wosia wa kusomesha vijana wa kiume Oxford. Wanawake hawakuruhusiwa hadi miaka ya sabini. Alitaka wasiwe wa vitabu tu, bali wapende michezo, wawalinde wanyonge, na waonyeshe tangu shuleni silika ya kuongoza. Maneno ya kuwalinda wanyonge, kutoka kwake yeye, yananishinda kumeza. Lakini katika wosia huo huo alipendekeza kwamba upole na uungwana wa mwombaji upimwe kwa kura ya wanafunzi wenzake. Yaani hata Rhodes alijua kwamba kuna sifa ambazo mwenyewe haulizwi. Wanaulizwa walioishi naye.

Upande wa pili nao lazima niuseme. Uongo ule ulinifanyia kitu. Mwaka wa mwisho nilikuwa nahodha, na kila mdogo aliponijia na shida nilikumbuka insha yangu, nikaona aibu kwenda kulala. Nilikaa macho usiku mwingi. Aristotle anasema tunakuwa waadilifu kwa kutenda ya uadilifu, na kwangu ilitokea hivyo, ingawa nilianzia mahali pabaya. Kwa kamati, labda deni limelipwa. Lakini aliyeosha vyombo si kamati.

Jumapili nilimpigia simu, nikamwambia yote. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama chuo kinaweza kudai hela zao. Nikasema sidhani. Akasema, "Basi wewe tuma mchango. Ila mimi nilikuwa nachoka sana ile miaka, ujue." Akaniuliza watoto wanaendeleaje.

Sikutegemea anisamehe wala anilaumu, lakini sentensi ile kuhusu kuchoka sijaweza kuiweka pembeni. Nilikuwa nimelifikiria jambo hili kama suala la ukweli na uongo. Kwake lilikuwa suala la usingizi.

Jibu la barua nimeshaliandika, na pamoja nalo natuma dola 4,000, kila nilichopokea, kwa mafungu. Nimeomba jina langu liondolewe kwenye ile orodha. Nimependekeza fomu iwe na swali moja tu, na lisiulizwe mwombaji. Waulizwe wale wa mwaka wa kwanza: ulipotaka kuacha, nani alikaa nawe? Najua nao wanaweza kupangana, na swali likizoeleka litapata wajanja wake. Lakini anayelijibu atalazimika kuanza kitenzi chake kwa "a-".