Mwalimu wa Wadogo Akipata Kazi Ng'ambo



Kuna swali linalozunguka katika vikundi vya maombi, hasa upande wa Old Kampala. Mwalimu wa nasari aliyezoeana na watoto wetu, akipata nafasi ya kwenda kufanya kazi hiyohiyo Kanada au Australia, je, ana haki mbele za Mungu kuwaacha? Swali si la kubuni. Mwaka 2018 Kanada ilianza mpango wa majaribio wa kuwapokea wakimbizi wenye ujuzi kama wafanyakazi. Tena tangu Marekani iliposimamisha kupokea wakimbizi mwezi wa Januari 2025, watu wengi waliokuwa wakingoja nchi ya tatu wanaulizia njia ya kazi. Wengine wanajibu haraka kwamba mwalimu ana haki, maana kila mtu anatafuta maisha. Wengine wanajibu haraka vilevile kwamba huo ni usaliti. Mimi naona majibu yote mawili yamekuja mapema mno.

Old Kampala wengi wetu tunaifahamu. Ni kilima ambacho Kapteni Lugard alijenga ngome yake mwaka 1890, na leo msikiti mkubwa uliofunguliwa rasmi mwaka 2008 unaonekana kutoka mbali. Lakini kwa mkimbizi Old Kampala ni mahali pa kuandikishwa, pa kupanga foleni na bahasha ya karatasi mkononi. Waliobaki mjini hutakiwa kujitegemea. Hivyo mama anatoka asubuhi na bitenge begani, anazunguka mitaani hadi jioni, na mtoto wa miaka mitatu hawezi kuzunguka naye juani. Anaachwa kwa mwalimu, katika chumba cha kupanga au katika ukumbi wa kanisa ambamo viti vya Jumapili vimesogezwa ukutani. Mwalimu huyo hulipwa na wazazi, siku wanapouza. Serikali ya Uganda ilitoa sera ya malezi na elimu ya watoto wadogo mwaka 2007, lakini elimu ya bure iliyoanza mwaka 1997 ilihusu shule ya msingi tu, na nasari zimebaki mikononi mwa wazazi, makanisa, misikiti na watu binafsi.

Sasa tuwasikilize wanaosema ni usaliti, maana hoja yao ni nzito. Wanasema watoto hawa wamekwisha kupoteza mengi. Wengine walizaliwa njiani, wengine hawamjui baba. Uso wa kwanza wa nje ya nyumba waliouamini ni wa mwalimu. Huko Kanada kuna sheria inayosema mtu mzima mmoja asimamie watoto wangapi. Huku mwanamke mmoja anaweza kuwa na arobaini. Akiondoka wa huko, anatafutwa mwingine. Akiondoka wa kwetu, mlango unafungwa.

Hoja hii ina ushahidi, tena ushahidi uliopatikana hapahapa. Mwaka 1954 na 1955 mtaalamu wa saikolojia Mary Ainsworth, aliyekulia Kanada, aliwatembelea akina mama wa familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala. Alikaa na mkalimani, akaangalia. Mtoto anatambaa kwenda kuona kitu, anageuka kumtazama mama, na akimwona yupo anaendelea. Mama akiondoka, mtoto anaacha kuchungulia vitu, anamtafuta. Mama huyo aliandika kwamba mtoto huthubutu kwenda mbali kwa sababu ana mtu wa kumrudia. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Bibi zetu wangecheka kusikia kwamba jambo hilo lilihitaji kitabu. Lakini tazameni na upande wa pili. Yeye alifika Kampala kwa kuwa mume wake alipata kazi hapa. Baadaye akaenda kufanya kazi Marekani, na yale aliyoyaona kwa akina mama wa Kiganda yakawa miongoni mwa misingi ya masomo ya walimu wa watoto wadogo duniani. Mwalimu wetu akienda Toronto kusomea cheti, atafundishwa jambo lililochunguzwa kwa akina mama wa huku. Sisemi hivyo kwa uchungu. Nasema ili tusidhani kwamba elimu ya malezi inakaa ng'ambo nasi tunaiombaomba.

Basi mtoto anaumia mwalimu akiondoka. Hilo nakubali. Ila hukumu ya usaliti siikubali, kwa sababu neno wito limetumika vibaya katikati yetu. Mara nyingi tukisema kazi ya watoto ni wito, maana yake ni kwamba hatutailipa. Mkumbuke mama yake Musa. Binti Farao alipomkabidhi mtoto amnyonyeshe, aliahidi kumpa mshahara, na Maandiko hayaoni aibu kuutaja. Mama huyu angemnyonyesha bure, tena kwa machozi ya furaha, kwa kuwa mtoto alikuwa wake wa kumzaa. Bado mshahara ulitajwa. Sasa kanisa linalompa mpiga kinanda nauli na bahasha, na kumwambia mwalimu wa nasari kwamba thawabu yake iko mbinguni, lisishangae akisoma matangazo ya kazi.

Deni kwa watoto wale ni la wazazi wote, la kanisa lote, na la mataifa yaliyoahidi kusaidia wakimbizi. Haifai deni la wengi lilipwe na maisha ya mtu mmoja, tena aliye maskini kama sisi, kwa kuwa tu yeye ndiye aliyewapenda watoto hao zaidi. Tukimfunga kwa upendo wake, nani mwingine atathubutu kuwapenda?

Nao wanaosema aende bila kuangalia nyuma wananitatiza. Hoja yao kubwa ni kwamba atatuma pesa. Atatuma, namwamini. Lakini pesa ya Western haifuti kamasi. Tena tusidanganyane juu ya utajiri wa kazi hiyo. Huko Marekani kulea watoto ni miongoni mwa kazi zinazolipwa kidogo sana. Kanada kila jimbo lina masharti yake, na Ontario mtu haruhusiwi kutumia cheo cha mwalimu wa watoto wadogo bila kuandikishwa na chombo cha taaluma hiyo. Diploma ya serikali kutoka Kongo hutafsiriwa na kupimwa upya, na mwenye nayo anaweza kuanza kama msaidizi kwa miaka. Kuhusu wale wanaosema anakwenda kulea watoto wa matajiri, watoto wa huko wengine ni wa dereva wa basi na wa mfagiaji, nao wanalia wakiachwa asubuhi kama wa kwetu.

Na akina dada wajihadhari. Wapo mawakala wanaotangaza kazi ya malezi ya watoto Uarabuni, na mtu akifika anakuta ni kazi ya ndani mchana na usiku, pasipoti ikiwa mikononi mwa tajiri. Mwaka 2016 serikali ya Uganda ilisimamisha kwa muda kupeleka wafanyakazi wa ndani Saudi Arabia kwa sababu ya malalamiko ya mateso, ikaruhusu tena mwaka 2017. Anayekudai fedha ili jina lako liende UNHCR ni mwongo, maana huduma zao hazilipiwi.

Tunaweza kujifunza kwa majirani. Mwaka 1986 ndugu zetu Waislamu wa Mombasa, wakisaidiwa na Shirika la Aga Khan, walianza mpango wa chekechea katika jamii zao. Mwalimu Bi Swafiya Said alikuwa miongoni mwa viongozi wake wa mwanzo. Kazi ikafika Zanzibar mwaka 1990 na hapa Kampala mwaka 1993. Walichukua wanawake wa mitaa yao wenyewe wakawafundisha, wakaanzisha vituo vya kufundishia walimu, wakazizoeza kamati za shule kuangalia fedha na majengo. Ujuzi ulivuka mipaka bila watoto wa Mombasa kuachwa mikono mitupu. Mkristo asione haya kuuliza kwa Mwislamu jinsi walivyofanya, hasa pale Old Kampala ambapo tunaishi ukuta kwa ukuta.

Nasi tuanze na jambo dogo: kila nasari ya kanisa iwe na akina mama wawili, hata kama wa pili bado anajifunza na anapewa nusu. Watoto wazizoee nyuso mbili. Hiyo ni kazi yetu, wala tusimtwike mwalimu aliyepata barua ya kazi.

Kwake yeye linabaki jambo la namna ya kuondoka. Paulo alipokuwa Mileto aliwaita wazee wa Efeso, akawaambia waziwazi kwamba hawatamwona uso tena, wakalia pamoja mpaka melini. Sisi wakimbizi tuna desturi ya kusafiri kimya, usiku, kwa hofu ya wivu na ya watu wa kuharibu safari. Kwa watu wazima naielewa hofu hiyo. Lakini mtoto wa miaka minne hana wivu wa safari. Mwalimu na amlete mwenzake mapema, wakae pamoja darasani wiki kadhaa, aimbe naye, agawe uji naye, halafu awaambie watoto kwa maneno mepesi kwamba anakwenda mbali na kwamba hatarudi kesho. Watalia, naye atalia. Na sisi tutakaobaki, mtoto akiuliza Jumatatu mwalimu yuko wapi, tusimwambie ameenda sokoni.