Je, ni Ubia au ni Utumwa?

Katika nchi hii ya Dodoma mawe makubwa ni mengi, na kila atokaye Makole kwenda vilimani huyaona. Juu yake pana madoa ya kijivu na ya manjano, makavu kama gome la mti. Wengi hudhani ni rangi ya jiwe lenyewe. Sivyo, ni viumbe hai, wala si kimoja, bali viwili vilivyofungamana: kuvu, jamaa ya uyoga, na mwani mdogo wa kijani. Kuvu hushika jiwe na kutunza maji. Mwani kwa nuru ya jua hufanyiza chakula, na sehemu yake huliwa na kuvu.

Simon Schwendener, mtu wa Uswisi, alipoeleza habari hii miaka ya 1867 hadi 1869, alisema kuvu ni bwana na mwani ni watumwa wake. Mwaka 1878 Anton de Bary, Mjerumani, alichagua neno pana zaidi, yaani kuishi pamoja kwa viumbe visivyofanana.

Tena, pwani ya mashariki ya Amerika ya Kaskazini yuko konokono wa bahari asiye na nyumba mgongoni, aitwaye Elysia chlorotica. Yeye hula mwani, na zile sehemu za kijani huziweka mwilini mwake, zikamfaa miezi mingi. Lakini mwani wenyewe umekwisha kufa. Huo si ubia, ni kutwaa.

Basi, ubia hutambulikanaje? Kuishi pamoja hakutoshi, maana hata bwana humlisha mtumwa wake ili apate kazi. Tazameni desturi ya Wagogo ya kumkabidhi mtu ng'ombe awachunge. Mchungaji hupata maziwa. Mwenye mali hubaki na ng'ombe na ndama wao, na mali iliyotawanywa mahali pengi haipotei yote kwa ukame mmoja. Je, mchungaji ni mwenzi au mtumishi? Wakati wa mvua si rahisi kujua, kwa kuwa maziwa yapo. Njaa ifikapo ndipo jambo hudhihirika: ama mwenye ng'ombe humkumbuka mchungaji wake, ama huwaswaga ng'ombe akaenda zake.

Mwani hauwezi kuulizwa kama umeridhika; mwanadamu aweza. Kwa hiyo asiyemwuliza mwenzake hana udhuru wa kusema kwamba ndivyo dunia ilivyo. Yatupasa tuwaulize wanaotuchungia, wanaotulimia na wanaotupikia, nasi tuwe tayari kulisikia jibu.