Ushahidi wa Pua

Pua ni shahidi mwepesi wa kusema, lakini si hakimu. Ndoo mpya ya plastiki hunuka kwa sababu mabaki ya kemikali za utengenezaji hutoka humo kama mvuke, na joto huuzidisha. Baadhi ya harufu hizo hukera tu. Na baadhi ya vitu vya kushukiwa havinuki kamwe. Bisfenoli A iliyomo katika plastiki kwa kawaida haisikiki puani, lakini Umoja wa Ulaya uliikataza katika chupa za watoto wachanga mwaka 2011. Basi uvundo si hukumu ya sumu, wala kutonuka si hati ya usalama.

Goweko, stesheni ya reli mashariki ya Tabora, imo katika nchi ya miombo na asali. Zama za misafara, mtungi ulikuwa na mfinyanzi wa kuulizwa, na kibuyu kilikuwa na shamba lake. Ndoo ya leo haina wa kuulizwa. Na asali ni nyepesi kushika harufu ya chombo.

Nani, basi, abebe mzigo wa shaka? Maskini hununua kinacholingana na fedha yake. Kumwambia ajihadhari peke yake ni kumtwika mzigo wa mwenye faida. Haki yataka atengenezaye na auzaye wathibitishe usalama kwanza. Lakini mrina asali naye hakusamehewa: ajazaye asali katika ndoo inukayo, akanyamaza, huigeuza shaka yake kuwa deni juu ya afya ya mwingine.