Gari Kuukuu na Gari Kongwe

Lugha yetu ina maneno mawili kwa kitu kilichoishi miaka mingi. Hukiita kikuukuu, na hukiita kikongwe. Nguo iliyochanikachanika ni kuukuu. Mbuyu uliowapa kivuli watu wa vizazi vingi ni mkongwe. Neno la kwanza hutaja uchakavu, na la pili hutaja umri wenye heshima. Kitu kilichoundwa kwa mikono ya mwanadamu huwa kikuukuu chenyewe, kwa kuachwa tu. Lakini hakiwi kikongwe ila awepo mtu wa kukitunza. Basi mtu anayefikiri kama apokee kitu cha zamani hana budi kufikiri pia kama yeye ndiye mtu huyo. Jambo hili nataka tulipime kwa mfano wa gari moja la Kiingereza.

Gari lenyewe ni MGB, gari dogo la mbio. Herufi mbili za kwanza zatokana na Morris Garages, jina la biashara iliyokuwa katika mji wa Oxford. MGB lilianza kuuzwa mwaka 1962, na liliundwa katika kiwanda cha Abingdon, karibu na Oxford, mpaka kiwanda hicho kilipofungwa mwaka 1980. Katika muda huo yalitoka magari zaidi ya 500,000, ya paa la turubai na ya paa la bati pamoja, na mengi yalivuka bahari kwenda Marekani. Injini yake ina silinda nne, na mtu akifunua boneti huona karibu kila kiungo kwa macho yake na kukifikia kwa mkono wake.

Sasa tuseme kijana mmoja wa Uingereza, mwenye mke na mtoto mchanga, ameachiwa na marehemu mjomba wake MGB la mwaka 1965. Gari limelala bandani miaka kumi na mitano. Rangi yake nyekundu bado yang'aa chini ya vumbi. Jirani yuko tayari kulinunua, alivunje auze vipuri. Je, kijana alipokee au aliache?

Haifai kuicheka tamaa yake. Uzuri ni haja ya moyo, na kazi njema ya mafundi waliokwisha kufa yastahili heshima ya walio hai. Tena kukitengeneza kitu kilichopo ni bora kuliko kukitupa kwa sababu tu kingine kimetoka. Waliosema kipya kinyemi ingawa kidonda waliujua udhaifu huu wa wanadamu. Wala kazi yenyewe si ya kukatisha tamaa. Vipuri vya MGB vyapatikana, na tangu mwaka 1988 hata bodi nzima mpya imekuwa ikitengenezwa kwa ajili ya wale ambao magari yao yameliwa na kutu.

Lakini nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Gari hili halina fremu ya chuma iliyo mbali na bodi. Bodi yenyewe ndiyo mifupa yake. Sehemu kubwa ya nguvu zake imo katika mihimili miwili ya bati, yenye uwazi ndani, ipitayo chini ya milango. Maji yakiingia humo, kutu hula kutoka ndani kwenda nje, na rangi nzuri yaweza kuuficha uozo huo kwa miaka. Breki nazo zina siri yake. MGB la mwaka 1965 lina njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Mpira mmoja uliozeeka ukipasuka, kanyagio huzama mpaka chini, na dereva hubakiwa na breki ya mkono na dua.

Hapa ndipo swali linapokuwa la dhamiri. Uingereza ilianza mwaka 1960 kuyalazimisha magari yaliyofikia umri wa miaka kumi kupimwa usalama, na baadaye umri huo ukapunguzwa ukawa miaka mitatu. Mwezi wa Mei mwaka 2018 sheria ikalegezwa kwa makongwe: gari lililopita umri wa miaka arobaini, wala halikubadilishwa sana, halilazimiki tena kupimwa kila mwaka. Hoja moja ya serikali ilikuwa kwamba magari hayo ni machache, hutembea kidogo, na aghalabu wenyewe huyatunza vema. Sheria haikusema kwamba gari bovu laruhusiwa barabarani. Wajibu wa kuliweka salama ulibaki pale pale. Ilichoondoa ni jicho la mkaguzi tu.

Tazameni basi maana yake. Msamaha ule ulitolewa kwa sababu ya uaminifu wa watu waliotangulia, walioyatunza magari yao pasipo kusukumwa. Mtu anayeutumia msamaha huo huku hajui hali ya breki zake anakula akiba ya uaminifu ambayo hakuiweka yeye. Sheria haimwoni, lakini kutoonekana hakuligeuzi kosa likawa haki. Uhuru wa kutokaguliwa ni mzigo, kwa kuwa aliyeondolewa mkaguzi hana budi kuwa mkaguzi wa nafsi yake. Na mlango haukufungwa: apendaye aweza kulipeleka gari likapimwa kwa hiari yake.

Mwingine atasema: "Gari ni langu, na hatari ni yangu." Gari ni lake, kweli, barabara si yake. Mtoto anayevuka njia hakuulizwa kama akubali breki zilizoundwa mwaka 1965. Mke aliyeketi kando ya dereva humwamini mumewe, wala hajui habari za mihimili. Hatari huwa ya mtu mmoja pale tu inapoweza kumdhuru mtu mmoja.

Mwingine atasema kwamba kuliuza gari ni kumsahau mjomba. Hoja hii ina uzito zaidi, kwa kuwa shukrani ni wema. Walakini kupenda kitu na kukiweka si jambo moja. Mangapi yameozea mabandani, na wenyewe wakisema kila mwaka kwamba watayatengeneza mwaka ujao! Ahadi isiyo na siku ndiyo iyafanyayo yawe makuukuu. Anayempa gari fundi mwenye ujuzi na nafasi amelienzi zaidi kuliko yule anayelifungia, na jina la mjomba litaheshimiwa zaidi na gari linalotembea mikononi mwa mgeni kuliko na kutu mikononi mwa jamaa.

Huenda msomaji wa Kenya akasema kwamba haya ni mambo ya Waingereza. Ni kweli kwamba sheria yetu hairuhusu kwa kawaida kuingiza nchini gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Lakini urithi wa vitu vya zamani si wa Waingereza peke yao. Aliyeachiwa nyumba ya mawe katika Lamu hutazamwa na swali lile lile kutoka darini, kwenye boriti za mikoko zinazobeba sakafu ya juu. Chokaa mpya ukutani haimwambii kama boriti ni nzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na pengine utaujenga juu ya msiba.

Shauri langu kwa kijana yule ni hili. Kabla ya kuiwasha injini na kuusikia mlio wake utakaomlevya, na aitoboe mihimili aione ilivyo ndani, azibadilishe mipira yote ya breki, kisha ahesabu fedha na saa zitakazohitajika. Akiona kwamba aweza kuzitoa pasipo kumpunguzia mtoto maziwa wala mkewe usingizi, na alipokee kwa furaha. Atakuwa ametwaa kazi, na kazi hiyo itamfunza. Akiona hawezi, na atafute aliye na uwezo, ampe mwaka huu wala si mwaka ujao. Hapana aibu katika kukiri kwamba mzigo fulani wamfaa mwingine. Aibu ni kuushika kwa ajili ya kutazamwa, na kuuacha uwaangukie wapita njia.